Beba Maktaba Zako Mwenyewe

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: programu yake ya Go (lugha ya kuandikia programu) inajengeka vizuri kwenye laptopu yake, lakini akiipeleka kwenye seva ya mteja isiyo na intaneti, inagoma kujengeka, kwa kuwa Go hutafuta maktaba mtandaoni. Ndugu yangu, pole. Tatizo hilo nalijua, na dawa yake niliipigania hadi nikachukiwa.

Kazini kwangu enzi hizo nilikuwa naendesha `go mod vendor`, amri inayonakili maktaba zote (msimbo ulioandikwa na wengine) ambazo programu inazitegemea na kuziweka kwenye folda ya `vendor` ndani ya mradi wenyewe. Kiongozi wa timu akanisema mbele ya watu kwamba najaza mradi takataka, eti maktaba zipo mtandaoni muda wote. Nilinyamaza, ila iliniuma.

Ikaja Mei 2024. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikaathirika vibaya. Ofisini Dar wenzangu waliokuwa wanaandaa seva mpya wakabaki kukodolea macho mistari ya `go: downloading` isiyosogea. Mimi nikaandika `go build -mod=vendor`, yaani jenga kwa maktaba za kwenye folda, programu ikatoka. Wakaja na flashi kuomba folda ileile waliyoiita takataka. Asante sikuipata, na hadi leo hakuna aliyekiri.

Kwa hiyo wewe unayetaka kazi zako zifike Sumbawanga na Pemba, siyo ziishie Masaki, nisikilize: beba maktaba zako! Kabla hujamkabidhi mteja, zima Wi-Fi, futa akiba ya maktaba zilizopakuliwa kwa `go clean -modcache`, kisha jenga upya. Kama ni kugoma, igome mezani kwako. Halafu angalia toleo la Go. Kuanzia 1.21, mradi ukidai toleo jipya kuliko lililopo kwenye seva, Go hujaribu kulipakua yenyewe, na hapo wengi hukwama wakilaumu maktaba. Tia na Go yenyewe kwenye flashi. Maktaba ikiwa na msimbo wa lugha ya C, beba na gcc, programu ya kuujenga msimbo huo, maana folda ya vendor haikuletei.

Na ukishabeba, usizitelekeze. Tundu la usalama likitangazwa, sasisha maktaba husika, endesha `go mod vendor` tena, kisha `git diff`, amri inayoonyesha mabadiliko, usome kilichobadilika. Faili za humo usizihariri kwa mkono kamwe: Go hulinganisha orodha ya matoleo tu, haikagui kilichoandikwa ndani.