Shangazi, Huko Huna Watu?

Wanangu, swali lenu la juzi kwenye kikundi cha familia nimeliona. "Shangazi, mbona kila picha uko peke yako? Huko huna watu?" Baba yenu akakimbilia kuwakemea, lakini mmeuliza vizuri na nitawajibu bila kupaka rangi.

Watu ninao. Ila sikuwapata kule mnakodhani.

Mnadhani majirani. Hapa Göteborg, Uswidi, jirani wa mlango unaotazamana na wangu huchungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango. Akiniona ngazini, husubiri nipite ndipo atoke. Hanichukii hata kidogo. Kwao kumwacha mtu na mambo yake ndiyo heshima. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Naingia kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, ni giza. Natoka ni giza. Wiki inaweza kuisha hujasikia mtu akikuita jina nje ya kazi.

Mnadhani Watanzania wenzangu. Wapo, na kwenye maulidi au ubatizo tunakula pilau na kucheka mpaka machozi. Lakini thubutu kumwambia mtu kwamba mwezi huu kodi imekushinda, au kwamba usiku unalia bafuni. Habari itafika Ngamiani, Tanga, kabla hujavua viatu. Kwa hiyo kila mtu anasimulia gari, nyumba, na mtoto aliyefaulu. Tunabeba boksi, yaani kazi za sulubu, karibu wote, na boksi halitajwi.

Basi mimi nikaanza kuandika. Nyie mlikuwa wadogo, wengine hamjazaliwa. Ilikuwa enzi za blogu. Ndesanjo Macha alifungua Jikomboe mwaka 2004, akaandika kwa Kiswahili wakati wengi wetu tulidhani intaneti ni mali ya Kiingereza. Mwaka uliofuata Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, akaanza ya kwake akiwa Helsinki, na huko kwa Michuzi ndiko tulikokwenda kila asubuhi kuangalia nani kaoa na nani kafiwa. Wasomaji tuliitwa wadau, na tulijiona wadau kweli. Nami nikafungua kablogu kangu, ka bure, bila kuweka jina langu. Nyumbani mtandao ulikuwa bado ghali na wa kusuasua, maana mkongo wa intaneti wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, ulifika Dar mwaka 2009. Kwa hiyo walionisoma mwanzoni wengi wao walikuwa watu wa mbali kama mimi, macho makavu saa saba za usiku.

Niliandika nini? Vitu vya ovyo. Jengo letu lina chumba cha kufulia chini kabisa, unaweka zamu yako kabla, na dakika zako zikiisha uwe umeshaondoka. Siku moja nikakuta karatasi imebandikwa juu ya mashine ya kukaushia, kalamu nyekundu: "Wewe uliyefua jana jioni, ondoa manyoya kwenye kichujio. Mama yako hafanyi kazi hapa." Nikaandika juu ya ile karatasi. Nikasema katika jengo hili watu hawasalimiani, ila kuta zinagombana.

Asubuhi nikakuta majibu. Dereva wa teksi aliyeko Minneapolis, Marekani, kasema kwao karatasi hubandikwa kwenye lifti. Mama mmoja wa Muscat, bibi yake mzaa mama ni wa Unguja, kaniandikia Kiswahili kitamu kuliko changu, akaniuliza kwa nini sikujibu karatasi kwa karatasi. Na bwana mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa Malmö, hapa hapa Uswidi, kaandika: "Aksanti kwa kutuchekesha. Huku kwetu batu banaandika mpaka na saa." Nilicheka peke yangu jikoni. Baada ya hapo nikawa naandika mazito zaidi: kufuturu peke yako tende mbili na supu ya kopo, kutuma hela nyumbani kisha kukopa nauli ya basi, kumwogesha mzee anayekutazama rangi na kukataa umguse. Nao wakaandika ya kwao.

Kwa nini watu nisiowajua niliwaamini kuliko wa kwetu? Kwa sababu hawakumjua mama yangu. Siri yangu walikuwa hawana wa kumpelekea. Mtu wa aina hiyo humwoni kwenye pilau la Jumamosi.

Bibi yenu alipofariki mnakumbuka sikuja, na najua yalisemwa maneno. Kibali changu cha ukaaji kilikuwa bado kinashughulikiwa. Ningetoka, sikuwa na uhakika wa kurudi. Usiku ule niliandika mstari mmoja tu: Mama ametangulia. Kesho yake kabla ya adhuhuri simu ikalia, ni yule bwana wa Malmö, yuko stesheni na mkewe. Saa tatu za treni, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, imefungwa kwa taulo ili isipoe. Hatukuwa tumeonana uso kwa uso hata siku moja. Mkewe hakuniuliza kitu. Alisukuma kochi mpaka ukutani, akauona mkeka nyuma ya kabati, akautandika, akanikalisha chini kama inavyokaliwa msibani. Mume ni Mkatoliki; niliposoma Yasini aliinamisha kichwa mpaka nikamaliza. Yule mama wa Muscat akasomesha hitima kwake. Na wawili wa chama chetu cha Watanzania walikuja pia, na rambirambi kwenye bahasha, Mungu awalipe, wakakaa kidogo na mmoja akaniuliza fleti hii kodi yake ngapi.

Lakini msije mkasema shangazi kasema marafiki wako kwenye simu. Rafiki wa Muscat hawezi kukufungulia mlango. Nilipoteleza kwenye barafu nikavunjika kifundo cha mkono, aliyekuja kuniosha nywele ni Mswidi, mwenzangu wa zamu. Tulikunywa kahawa ya saa tisa pamoja miaka na miaka tukizungumzia mvua, mpaka nikaamini ana mvua tu kichwani. Kumbe wenyewe ndivyo wanavyokwenda, taratibu. Leo ufunguo wangu wa akiba uko kwake.

Blogu zenyewe zimekufa, au zimebaki za matangazo. Facebook ilichukua watu, kisha WhatsApp, na mwaka 2018 Tanzania ikaweka kanuni ya blogu kuwa na leseni, ada zake wakati ule ukijumlisha zilipita shilingi milioni mbili. Nani alipe milioni mbili ili asimulie habari za kichujio? Waliokuwa nyumbani wengi wakafunga. Sasa tuna vikundi: salamu za asubuhi zenye maua, michango, siasa, mtu kaondoka kwenye kikundi, mtu karudishwa. Watu mia mbili na hakuna anayesema amechoka. Kikundi chetu cha familia ni hivyo hivyo, msinune.

Sisi wa zamani tumebaki watano au sita, tunaandikiana barua pepe ndefu za Jumapili. Wapo waliotoweka, na yupo aliyekopa ndipo akatoweka. Yule dereva amehamia Texas na analalamika kuhusu joto, yeye mtu wa Lindi!

Sasa wewe unayesubiri viza ya Ujerumani kusomea uuguzi. Picha za theluji utatupigia, sawa, mama yako anazitaka. Ila tafuta kitu chenye siku yake ya kila wiki, iwe kwaya, iwe mpira, iwe darsa, na uende hata siku usiyotaka kuonana na mtu. Yule bwana wa Malmö ana binamu yake Leipzig, naye ni muuguzi, amefika miaka kumi iliyopita na Kijerumani chake kikiwa sifuri. Nimeshampa namba yako. Atakupigia Jumamosi jioni baada ya zamu, namba inaanza na +49, usije ukadhani ni matapeli ukakata. Kiswahili chake ni cha Bukavu, msikilize polepole. Muulize kuhusu kodi ya chumba kwanza, mengine yatafuata.