Maswali na majibu: Tabora inapanuka, ulizeni kabla ya kulipa

Barua zenu ni nyingi, na nyingi zinaanza na maneno yaleyale: "Nimeshanunua, sasa nifanyeje?" Nawaomba tena, kama nilivyowaomba siku zilizopita: swali liulizwe fedha zikiwa bado mfukoni. Haya ndiyo niliyoyachagua safari hii.

Naishi Dar es Salaam, kwetu ni Tabora. Kila ukiandika unasema mji unakua kwa kasi. Mbona nikija likizo naona ni uleule?

Ukija likizo unashuka stendi, unakaa kwa wazazi mjini, unaondoka. Chukua bodaboda upite Ipuli mpaka mwisho wa nyumba, kisha nenda Malolo, nenda Kalunde. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora. Ya 2022 ikahesabu 308,741. Ni watu zaidi ya 81,000 walioongezeka ndani ya miaka 10, na wote wanahitaji mahali pa kulala, njia ya kupita na choo. Mkoa mzima umetoka watu milioni 2.29 hadi milioni 3.39. Lami sasa inatufikisha Nzega, Manyoni kupitia Itigi, na Mpanda kupitia Sikonge, na maji ya Ziwa Victoria yameshafika. Mji uleule unaouona ni ule wa katikati, uliopangwa zamani. Unaokua uko pembeni, na sehemu yake kubwa haijapangwa na mtu yeyote.

Mwangaluka (habari za asubuhi), mwandishi. Nimepata kiwanja cha miguu 40 kwa 60, muuzaji ni mzee mwenye shamba. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kupiga mhuri, anataka asilimia 10. Je, niko salama?

Mwangaluka, ndugu yangu. Hauko salama, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu swali hili linarudi kila mara.

Mhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba mliuziana mbele yake na kwamba mzee huyo anafahamika mtaani. Basi. Mwenyekiti hana mamlaka ya kugawa ardhi wala kuitolea haki, na ile asilimia 10 si kodi ya serikali na haikuongezei haki yoyote. Ukienda benki na karatasi ile kuomba mkopo, watakurudishia.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na ueleze eneo lilipo. Uliza mambo matatu. Je, eneo lina mchoro wa mipango miji? Je, limepimwa, likawa na namba ya kitalu na namba ya kiwanja? Je, mchoro unasema ni makazi, au ni barabara, shule, makaburi, eneo la wazi? Kama kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililomo na kama kuna deni la benki au zuio. Siku hizi mkoa una ofisi yake ya ardhi, chini ya Kamishna Msaidizi, kwa hiyo habari ya kwamba hati ni safari ya mbali imepitwa na wakati.

Sasa niseme lile ambalo hukuliuliza. Miguu 40 kwa 60 ni kipimo cha dalali, na hupimwa kwa hatua za mguu wake. Mzee anakata shamba vipande 20, kila kipande kinagusa kingine, na njia inayobaki ni ile ya ng'ombe. Miaka 5 baadaye watu wote wameshajenga, na gari la zimamoto halipiti. Gari la kunyonya choo halipiti. Jeneza linabebwa kwa kupindishwa kwenye kona za kuta za majirani. Nimelishuhudia hilo, na wafiwa hawakustahili kuliona. Kisha inakuja kazi ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa, mtu anaambiwa abomoe ukuta ili barabara ipite, ugomvi unaanza, na mtaa mzima unailaumu serikali.

Na lawama serikali inayo, sitaificha. Manispaa inapaswa kupima mbele ya watu, si nyuma yao. Ramani ikitangulia, mzee mwenye shamba anauza viwanja vilivyopimwa kwa bei nzuri zaidi, mnunuzi anapata hati, na barabara ina nafasi yake. Upimaji ukichelewa, dalali ndiye anayepanga mji. Madiwani wetu wabanwe kwa hili kwenye kila kikao, kuliko kubanwa kwa ahadi za taa za barabarani.

Wewe mwambie huyo mzee kwamba utanunua shamba likishapimwa. Akikataa, tafuta kwingine.

Kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila mwezi. Si ndiyo nimeshalipia na kiwanja?

Hapana. LUKU inakata kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, unailipa kila mwaka kwa namba ya malipo, na usipoilipa deni linapanda mpaka linahatarisha hati. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Mlio na hati, tafadhali, kaangalieni madeni yenu.

Dalali anasema kituo cha reli ya kisasa kitajengwa karibu na shamba analouza, na bei itapanda mara tatu. Nichukue mkopo ninunue sasa?

Usikope.

Reli ni ya kweli. Mkataba wa Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, wa Tabora hadi Isaka ukafuata 2022, na Desemba mwaka huohuo ukasainiwa wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza 2024. Kwa hiyo mji wetu utakuwa njia panda ya reli hiyo, kama ulivyo wa reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyotufikia 1912. Lakini kutoka kwenye mkataba hadi abiria kushuka na begi lake ni safari ndefu, na mkopo wako unadai rejesho mwezi ujao.

Halafu jiulize: huyo dalali ameiona ramani ya kituo wapi? Kama shamba kweli liko karibu na njia ya reli, huenda sehemu yake itatwaliwa, na mthamini atakadiria kwa bei ya soko, siyo kwa bei ya ndoto uliyouziwa. Mnaouza nao nawaonya. Familia inayouza ekari zote kwa kelele za reli, ikanunua bodaboda 2 na kuezeka nyumba, baada ya misimu michache ya mvua haina pa kulima wala bodaboda yenyewe. Kama lazima muuze, uzeni sehemu, na mbakize ya watoto.

Nyumba yangu ina miaka 3 na imepasuka nyufa. Fundi ameziba mara 2, zinarudi. Iko chini karibu na majaruba ya mpunga.

Asante kwa kutaja majaruba, umenirahisishia. Umejenga mbugani, yaani bondeni penye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo ule mweusi hunyonya maji masika ukavimba, kiangazi ukasinyaa. Nenda uwanjani kwako mwezi wa tisa utazame chini: ardhi imegawanyika mapande mapande na mkono unaingia ufani hadi kifundo. Msingi wako unainuliwa na kushushwa kila mwaka, ndiyo maana ufa unaanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Fundi anayeziba kwa saruji anatibu ngozi.

Fanya hivi. Kwanza, chora mstari wa penseli ukikatiza ufa na uandike tarehe pembeni, ujue kama unapanuka na ni majira gani. Pili, yaondoe maji kwenye msingi: weka mifereji ya bati, yapeleke mbali, kisha mwaga zege kuzunguka nyumba yote, upana wa mita moja hivi, lenye mteremko wa kuelekea nje. Udongo chini ya ukuta ukibaki na unyevu uleule mwaka mzima, mwendo unapungua. Shimo la choo na bomba linalovuja visiwe jirani na ukuta. Tatu, ufa ukipitisha kidole, mwite mhandisi kabla ya kumwita tena fundi.

Kwa anayetaka kuanza: kama mweusi ni wa kina kifupi, uchimbe uuondoe wote na ujaze moramu, udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa. Weka mkanda wa zege lenye nondo juu ya msingi, na linta, yaani mkanda wa juu ya milango na madirisha, izunguke kuta zote bila kukatika. Itakugharimu. Ndiyo sababu kiwanja cha mbugani ni cha bei ya chini, na muuzaji anakuonyesha mwezi wa nane kikiwa kikavu. Mimi ningesema mbuga ziachwe. Wazee wetu walilima mpunga kule na wakajenga juu kwenye mchanga. Maji ya mvua yanahitaji pa kukaa, na ukiyajengea yatakaa sebuleni.

Nina mwembe mkubwa kiwanjani. Fundi anasema niung'oe.

Kama udongo ni wa kichanga na mti hauko juu ya msingi wenyewe, sogeza nyumba. Mwembe wa miaka mingi huupati tena maishani mwako, na Tabora bila miembe yake ni jua tupu. Kama ni mbugani, mti mkubwa uwe mbali na ukuta, maana mizizi inakausha udongo na kuzidisha nyufa.

Tumeambiwa maji ya Ziwa Victoria yapo kwa wingi. Mbona mtaani kwetu Mwinyi, upande wa juu, hakuna bomba? Tumechimba kisima uani.

Maji yanatoka Ihelele, Misungwi, yanapita Shinyanga na Nzega mpaka kwetu, na yametupunguzia shida ya kuyategemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Lakini bomba la mtaani linalazwa kando ya barabara. Pasipo na barabara, fundi wa maji atachimba wapi, katikati ya jiko la mtu? Kaeni majirani wa mstari mmoja, mkubaliane njia, kila mtu atoe hatua zake, mwandikishiane mbele ya mtendaji, kisha mpeleke ombi la pamoja kwa mamlaka ya maji. Ombi la kaya nyingi zenye njia iliyo wazi linasikika kuliko la mtu mmoja.

Kisima cha uani kinanitia hofu. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo, na upande wa juu wa mteremko. Kwenye viwanja vyenu vya miguu 40, choo cha jirani kiko mita ngapi kutoka kisima chako? Chemsheni maji ya kunywa, hasa ya watoto.

Nyumba yangu imewekwa alama ya X, ya kubomolewa. Nitalipwa?

Inategemea rangi na ni nani aliyeiweka, na wewe hukutaja hata kimoja. Kwa barabara kuu na za mkoa, X nyekundu ni kwamba uko ndani ya hifadhi ya barabara na hulipwi. Ya kijani ni kwamba barabara imekufuata na unastahili fidia. Tangu sheria ya 2007 hifadhi ya barabara hizo ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati.

Ukistahili fidia, jua vilivyomo: thamani ya ardhi, jengo, mazao na miti, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya kupanga nyumba ya miezi 36. Mwenye biashara anadai pia hasara ya faida. Uwepo siku ya uthamini, hesabu miti yako mwenyewe, piga picha, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa baada ya uthamini kuidhinishwa, inadaiwa na riba.

Kiwanja chetu cha mpira, Isevya, mtu ameshusha matofali usiku. Anasema ameuziwa.

Nendeni leo, msisubiri msingi upande. Ombeni ofisi ya mipango miji iwaonyeshe mchoro wa eneo. Ikiwa ni eneo la wazi, andikeni barua yenye majina na saini za wakazi, ipelekeni kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi na mkuu wa wilaya, na kila ofisi igonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Malalamiko ya mdomo hayana ushahidi. Hasira yangu hapa ni kubwa, kwa sababu mji ukishafika watu 300,000 hauwezi kununua tena uwanja wa watoto katikati ya nyumba. Anayeuza eneo la wazi amewaibia hata wasiozaliwa.

Nilinunua kiwanja cha mradi, nina hati, sijajenga mwaka wa 5 sasa. Wanaweza kuninyang'anya?

Wanaweza. Masharti ya hati huwa yanataka uwe umejenga ndani ya miezi 36. Soma hati yako, omba kuongezewa muda kwa maandishi, na fyeka.

Mume wangu anataka kuiuza nyumba yetu ya Cheyo ili anunue mashamba Tumbi. Sijakubali. Nyumba imeandikwa jina lake peke yake.

Dada yangu, jina lake peke yake halimpi ruhusa ya kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, kifungu cha 59. Mnunuzi naye anapaswa kuuliza kama muuzaji ana mwenza.

Kama nyumba ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati uweke zuio. Beba cheti cha ndoa. Kama haina hati, ndipo ugumu ulipo, maana hakuna daftari la kuweka zuio. Peleka barua ya pingamizi kwa mwenyekiti na mtendaji, ubaki na nakala yenye mhuri, wajulishe majirani wa pande zote nne ili wakatae kusaini kama mashahidi, na ukiona wateja wameanza kuletwa fungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uombe amri ya kuzuia mauzo. Fanya hayo wiki hii. Mnunuzi akishalipa na kuhamia, utakuwa unadai nyumba yenye watu ndani.