Maswali ya Wasomaji: Cheche kwenye Turubai, Barafu Katikati

Swali: Mashine yangu ya kuunganisha turubai la PVC hutumia mawimbi ya redio ya megahezi 27.12. Cheche hulipuka mahali palepale na kutoboa turubai. Nikipunguza nguvu, mshono unabanduka. Kosa liko wapi?

Jibu: "Palepale" ni nusu ya jibu. Kagua karatasi ya kuhami iliyolazwa juu ya bamba la chini. Cheche ikiichoma huacha doa jeusi la kaboni, na kaboni hupitisha umeme, basi cheche inayofuata hukuta njia imeshatengenezwa. Doa hilo usihangaike kulifuta, badilisha karatasi.

Kisha kata umeme, kalibu (chuma cha juu kinachokandamiza turubai) ipoe, upapase ukingo wake. Kipele au kona kali hukusanya uga wa umeme, yaani mvuto wa umeme ulio kati ya kalibu na bamba. Ilainishe kwa msasa hadi iwe mviringo. Turubai lenyewe liwe kavu, lisiwe na vumbi wala chembe za chuma. Halafu weka ukanda wa karatasi nyembamba kila pembe, shusha kalibu bila kuwasha mawimbi, uvute mmoja mmoja. Unaotoka bila kugoma unakuonyesha upande ulioinuka.

Sasa ndipo urudishe nguvu, kidogo kidogo. PVC ikilainika hudidimia, kalibu na bamba husogeleana, na uga hupanda ingawa hujagusa kitufe. Ndiyo maana cheche nyingi huja mwishoni mwa mshono. Funga kizuizi cha kina, kinachozuia kalibu isididimie kupita kiasi. Mawimbi yakikatika, acha kalibu ikandamize sekunde chache zaidi. Mshono ukifunguliwa ungali moto hauna nguvu. Ujaribu kwa kubandua kipande: mshono mzuri hung'oa tabaka la PVC kwenye nyuzi za kitambaa kabla ya kuachia.

Swali: Tunayeyusha matofali ya nyama iliyoganda kwa mawimbi ya redio, kati ya mabamba mawili. Pembe zinaiva, sehemu nyingine bado ni jiwe. Tuongeze muda?

Jibu: Hapana, mtaziunguza zaidi. Tazameni hewa iliyo juu ya tofali. Tuseme tofali lina sentimita 10, hewa sentimita 2, na uga ndani ya hewa ni mara 5 ya ule wa ndani ya nyama. Hewa hiyo nyembamba inahesabika kama sentimita 10 nyingine za nyama: nusu ya volti inaishia hewani! Penye kibonde hewa ni nene zaidi, na nyama ya hapo hupata joto dogo. Kwa hiyo matofali yawe ya unene mmoja, juu yawe bapa, na yapangwe yakigusana ubavuni ili pembe zisikae peke yake.

Lengo la kuyeyusha kabisa pia linawaponza. Maji hufyonza nguvu ya mawimbi haya zaidi kuliko barafu, hivyo pembe iliyotangulia kuyeyuka hujizidishia joto. Simamisheni nyama ikifika kati ya nyuzi −4 na −2 za Selsiasi, kisu kinaingia. Kuyeyuka kwenyewe kumaliziwe kwenye chumba baridi.

Swali: Mashine hiyohiyo ya turubai itaunganisha polithini?

Jibu: Haitaunganisha. Molekuli za polithini hazina ncha chanya na hasi za kuvutwa na uga huku na huku, kwa hiyo hazipati moto. Polipropilini ni hivyohivyo. Tumia hewa ya moto au upau wa kupashwa. Kuongeza nguvu kutakuletea cheche tu.