Swali la lugha: Orodha ya mpangilio, ya mfululizo au ya mifuatano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa WIPO Sequence, programu ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani ambayo watafiti huitumia kutayarisha kile ambacho kwa Kiingereza huitwa "sequence listing". Nimeanza hivi: "Programu hii huthibitisha orodha ya mpangilio wa vinasaba katika maombi ya hatimiliki." Mwenzangu mmoja anataka "orodha ya mfululizo". Mwingine anashikilia "orodha ya mifuatano", nami neno mifuatano sijalizoea kabisa. Tushike lipi? Msomaji wako, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Shikeni la huyo wa mwisho, orodha ya mifuatano. Na kwa kuwa umeniletea sentensi nzima, niruhusu niipitie yote, maana ina maneno mengine matatu yatakayompotosha mtafiti kuliko hilo uliloniuliza.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Mtu anayeomba hataza, yaani ile haki ya mvumbuzi uliyoiita hatimiliki, ya uvumbuzi unaotaja DNA, RNA au protini hutakiwa kuziandika herufi kwa herufi, katika faili maalumu ambalo kompyuta za ofisi za hataza zinaweza kulisoma na kulipekua. Kanuni inayotawala faili hilo inaitwa ST.26. Inataka kila mfuatano wenye nyukleotidi (pingili za DNA na RNA) 10 au zaidi zinazojulikana waziwazi, au asidi amino (pingili za protini) 4 au zaidi, uingizwe katika orodha. Mfupi kuliko hapo hauruhusiwi kuingia.

Sasa chukua mfano mdogo unaoweza kuushika mkononi. Mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walitangaza kwamba wamepata katika ubongo wa nguruwe viini viwili vya kutuliza maumivu, kila kimoja kikiwa na asidi amino tano tu. Kwa herufi zinazotumika leo, cha kwanza ni YGGFM, cha pili ni YGGFL. Vinatofautiana kwa herufi ya mwisho peke yake, na kwa sababu hiyo tu ni vitu viwili, kila kimoja na namba yake katika orodha. Ukiisoma ya kwanza kinyumenyume, MFGGY, herufi ni zilezile lakini umeshapata kitu cha tatu. Kinachotambulisha kitu hapa ni nani anamfuata nani.

Ndiyo maana napenda mfuatano. Neno limetoka kwenye fuata, likapata kiambishi cha kutendana: fuatana, mfuatano. Ni njia ileile iliyotupa mkutano kutoka kutana na mgongano kutoka gongana. Wingi wake basi haupaswi kukutia shaka. Hakuna anayesita kusema mikutano au migongano. Mifuatano imefuata mkondo huohuo, mfuatano u-, mifuatano i-. Imekuwa ngeni masikioni kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi huwa tunazungumzia mfuatano mmoja wa mambo. Katika ombi la hataza panaweza kuwa na mamia ya mifuatano, na kila mmoja unajitegemea. Ukiandika "orodha ya mfuatano" kwa umoja, msomaji atadhani orodha nzima ni uzi mmoja mrefu.

Mfululizo nalo ni neno zuri, ila uzito wake uko pengine. "Mvua imenyesha siku tatu mfululizo": tunachosema ni kwamba haikukatika. Siku ya pili ukiibadilisha na ya tatu, mfululizo haudhuriki. Kwa YGGFM mabadiliko kama hayo ni msiba.

Huenda wasomaji wa Kenya wakapendekeza mlolongo. Nawasikia, lakini hilo ni neno la watu au magari kwenye foleni, na kwa Mkenya mwenye umri wa kutosha linaamsha uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea wao. Mnyororo tuuachie molekuli yenyewe, kile kitu cha kikemia kilichounganishwa pingili kwa pingili. Mfuatano ni habari tunayoisoma kutoka kwenye mnyororo huo na kuiandika kwa herufi.

Mpangilio ndilo lenye mvuto zaidi, na najua kwa nini ulilichagua, kwani wengi hulitumia wanapozungumzia jeni. Lakini mpangilio una mpangaji ndani yake. Viti vya harusi vina mpangilio kwa kuwa kuna mtu alivipanga, na kesho anaweza kuvipanga vingine. Tena mwongozo wako utalihitaji neno hilo kwa jambo jingine kabisa, yaani sura ya faili. Tangu tarehe 1 Julai 2022 maombi mapya hufuata ST.26 na orodha huandikwa kwa XML, faili ambalo kila habari imewekewa lebo ili kompyuta iisome. Kabla ya hapo ilikuwa ST.25, faili la maandishi ya kawaida. Katika ST.25 asidi amino ziliandikwa kwa herufi tatutatu, Tyr Gly Gly Phe Met. Katika ST.26 ni herufi mojamoja, YGGFM. Tazama jinsi Kiswahili kinavyolieleza hilo kwa ulaini ukiyatenga maneno mawili: mpangilio umebadilika, mfuatano ni uleule. Ukiwa umelimaliza mpangilio kwenye mfuatano, sentensi hiyo utaiandikaje?

Tuje kwenye vinasaba. Neno hili nalipenda; ni nasaba yetu ya ukoo iliyovikwa ki- na vi- na kuingizwa maabara. Kwa mwongozo huu, hata hivyo, halifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Tanzania limepanuka sana. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba kujua baba wa mtoto ni nani, na kwenye mafuta ya magari kuna "vinasaba" pia, ile kemikali inayowekwa ili kukamata wakwepa kodi na wachakachuaji. Mtu wa Dar es Salaam akisoma "orodha ya vinasaba" anaweza kufikiria kituo cha mafuta kabla hajafikiria maabara. Sababu ya pili ndiyo nzito: orodha hii si ya jeni peke yake. YGGFM ni kipande cha protini. Kipande cha DNA chenye herufi 20 kinachotumika kuanzishia kipimo cha maabara si jeni, wala si kinasaba cha mtu yeyote, lakini nacho kinaingia. Kwa hiyo mifuatano isimame peke yake kwenye jina la orodha, na ndani ya mwongozo useme mfuatano wa nyukleotidi au mfuatano wa asidi amino kadiri inavyohitajika. Jeni na -a kijeni viwe mahali ambapo kweli jeni inazungumziwa.

Hatimiliki hapana. Hatimiliki ni ya kiwanja au shamba. Hakimiliki ni ya mwandishi na mwanamuziki. Ya mvumbuzi ni hataza, na ndivyo BRELA, wakala wa Tanzania wa usajili wa biashara na leseni, wanavyoiita. Maneno haya matatu yanachanganywa kila siku, nami nimeona mkataba wa utafiti ulioahidi kumpa mvumbuzi "hatimiliki ya chanjo". Mwanasheria wa upande wa pili akiamua kuwa mkorofi, neno hilo moja linamtosha. Na mwombaji mmoja huwasilisha ombi. Maombi ni mawili na kuendelea, japo kwa adabu tumezoea wingi.

Nimeacha kitenzi mwisho kwa sababu ndicho kinachonisumbua zaidi. Umesema programu "huthibitisha". WIPO Sequence haithibitishi chochote. Inakagua kama kila sehemu inayotakiwa imejazwa, kama alama zilizotumika zinaruhusiwa, kama aina ya molekuli imetajwa, kisha inatoa ripoti ya makosa na tahadhari. Ukiandika YGGFL mahali ulipokusudia YGGFM, programu itaipitisha bila neno, maana zote mbili zimeandikwa kwa usahihi. Mtafiti atakayesoma kwako kwamba orodha yake "imethibitishwa" atalala usingizi, na kosa litasafiri naye hadi ofisi ya hataza, ambako kulirekebisha baada ya tarehe ya kuwasilisha kunaweza kuwa kugumu sana. Tumia kuhakiki. Kuhakiki ni kukagua kitu kwa kukilinganisha na kanuni. Kuthibitisha ni kukitolea ushahidi kwamba ni kweli. Andika "huhakiki muundo wa orodha", na palepale umkumbushe mtafiti kwamba usahihi wa herufi ni jukumu lake.

Jambo la namba pia, ambalo hukuniuliza ila utalifikia. Kila mfuatano una namba yake ya utambulisho. Sema mfuatano namba 5 (Kenya watasema nambari 5), usiseme mfuatano wa tano. Mwombaji anaruhusiwa kuiacha namba wazi kwa makusudi, akaweka 000 mahali pa herufi ili namba zinazofuata zisivurugike. Ikiwa namba 3 imeachwa wazi, mfuatano wa tano kwa kuhesabu ni namba 6. Namba hapa ni jina, haielezi nafasi.

Na yako maneno ambayo hupaswi kuyatafsiri hata kidogo. Ndani ya faili utakuta "mol_type" na "organism". Hayo yamekusudiwa mashine. Yaeleze kwa Kiswahili pembeni, yenyewe uyaache yalivyo. Vilevile mtafiti wako asishangae kuona herufi t katika RNA, anakotegemea u. ST.26 imeamua t isimame kwa timini katika DNA na kwa urasili katika RNA. Hilo liandike mapema kwenye mwongozo, vinginevyo kila mwanabiolojia atakupigia simu kukuambia umekosea.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Programu hii hutayarisha orodha ya mifuatano ya ombi la hataza na kuhakiki muundo wake." Umetumia "kutayarisha" katika barua yako, nami nimelibakiza, "kuandaa" lingefaa vilevile, mradi ukichagua moja ushikamane nalo hadi ukurasa wa mwisho.