Kabla hujaenda kutafuta viota vya bata North Dakota

Kila ikifika Januari napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa kwetu wanaosoma Marekani au Kanada: "Kaka, nimeona kazi ya msimu ya kutafuta viota vya bata. Niombe?" Omba. Ila nisikilize kwanza, maana mimi nilikwenda nikijiona mtu wa Bunda, nimekulia mlangoni pa Serengeti, nani atanifundisha nyasi?

Nilifundishwa wiki ya kwanza, na kupe.

Nchi yenyewe ni tambarare iliyojaa vidimbwi, kuanzia Alberta kule Kanada hadi Iowa, Marekani. Barafu kubwa iliyoifunika ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mashimo yasiyohesabika, na hadi leo theluji ikiyeyuka yanajaa maji. Vidimbwi vingine hukauka baada ya wiki chache tu. Usividharau hivyo, kwa sababu ndivyo vinavyopata joto mapema, na bata jike anayetaka kutaga anakuja humo kutafuta konokono na viluwiluwi vya wadudu. Bila hiyo protini hakuna mayai. Mkulima naye anaviona kama kero inayoizungusha trekta yake. Kati ya miaka ya 1780 na 1980, Iowa ilipoteza asilimia 89 ya ardhi oevu yake, na North Dakota karibu nusu.

Kazi inafanyika hivi: pikipiki mbili za magurudumu manne zinakwenda sambamba, katikati mnyororo mrefu unaoburutwa juu ya nyasi. Bata aliyeatamia anaruka, unasimama, unakwenda pale alipotokea. Mnaanza asubuhi na kumaliza mapema mchana, saa ambazo majike wengi wako kwenye mayai. Kwa mbali inaonekana kama mchezo. Ukifika karibu utakuta jike ameyanyea mayai yote wakati anakurupuka, na ile harufu haitoki mkononi hata ukinawa kwa sabuni mara tatu. Hilo hawaliandiki kwenye tangazo la kazi.

Ukishafika kwenye kiota, chuchumaa. Hesabu mayai. Chukua moja au mawili, liweke kwenye mdomo wa bomba (wazee wa kazi hii walikuwa wakitumia kipande cha mpira wa rejeta), elekeza kwenye jua, uchungulie. Yai bichi linapitisha mwanga lote, na lililoatamiwa siku kadhaa lina kivuli na mishipa kama utando wa buibui. Bata hutaga yai moja kwa siku, kwa hiyo ukijumlisha idadi ya mayai na siku za kuatamia unajua kiota kilianza lini. Kisha yafunike kwa yale manyoya laini ya jike, kama ambavyo angeyafunika mwenyewe kama usingemkurupusha.

Na hapo hapo, kabla hujasimama, andika. Kwa penseli, maana wino unalowa.

Nalisema hili kwa uchungu. Utaratibu wetu ulikuwa kuchomeka kijiti mita 4 kaskazini ya kiota. Siku moja mvua ya radi ilikuwa inakuja kutoka magharibi, nikachomeka kijiti paliponipendeza, nikasema nitarekebisha jioni kwenye daftari. Jioni nikala, nikalala. Baada ya wiki nilirudi, nikahesabu hatua zangu kutoka kwenye kijiti kwenda kusini, nikatazama huku na huku bila kuona kitu. Niliporudi nyuma nikasikia kitu kikivunjika chini ya gambuti. Mayai manne. Bosi wangu hakufoka. Alinipa daftari, akaniambia niandike sababu ya kiota kufa: mtafiti.

Tarehe zenyewe zina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1961 mtafiti wa ndege Harold Mayfield alionyesha kwamba ukigawanya tu viota vilivyofanikiwa kwa viota ulivyoviona, unajidanganya, kwa sababu vinavyokufa mapema mara nyingi hukuwahi kuviona. Hesabu badala yake siku ambazo kila kiota kiliishi ukikijua. Kikiwa na nafasi ya asilimia 95 ya kuvuka kila siku, unaweza kudhani kinaendelea vizuri. Zidisha hivyo kwa siku 35, za kutaga na kuatamia: unabaki na asilimia 17 hivi. Mallard, aina mojawapo ya bata hao, wanahitaji kama asilimia 15 ya viota vyao vifanikiwe ili idadi yao isishuke. Sasa fikiria tarehe moja iliyobuniwa jioni mezani inafanya nini kwenye hesabu hiyo.

Jambo la wenye ardhi. Sehemu kubwa ya mashamba ni ya watu binafsi, kwa hiyo utapiga hodi. Usianze na karatasi zako. Anza na mvua, ngano, bei ya soya, kama ungefanya kwa mzee yeyote kijijini. Mzee mmoja aliniacha nimesimama barazani dakika nzima, kisha akaniuliza kama nikiona bata wengi serikali itamkataza kukausha vidimbwi vyake. Swali halali: tangu 1985 sheria inamnyima ruzuku mkulima anayekausha ardhi oevu ili alime. Nilimweleza tunahesabu nini na nani ataona takwimu. Alikubali, ila akasema nifunge geti.

Mwishoni mwa Juni utakuta viota vingi vitupu, na hapo usikimbilie kuandika "vimeanguliwa". Piga magoti, okota maganda. Ngozi ya ndani ikiwa imebanduka na kukauka kama karatasi, vifaranga wameondoka kwa miguu yao. Ikiwa bado imegandamana na ganda, na kuna ute wa kiini, kicheche au mbweha alikutangulia. Wakati mwingine utakuta yote mawili kwenye kiota kimoja. Andika yote mawili.