Mwaka wa pili na sedani ya haibridi: mafuta yanabanwa kwenye breki

Kila mtu akijua gari langu ni haibridi swali ni lile lile, inakula mafuta kiasi gani? Na mi namrudishia swali, wewe unaendeshea wapi? Manake hapo ndo pa kuanzia. Hii yangu ni sedani ya familia, injini ya petroli lita 2.5 na mota ya umeme, kazi yake kubwa ni kupeleka watoto shule, kazini, kurudi jioni, safari ndefu mara moja moja. Kwenye foleni inanipa kama lita 5 kwa kilomita 100, barabara kuu nikiwa kwenye 120 inapanda mpaka 6 na kitu. Yaani kinyume kabisa na gari nililouza, lile foleni ilikuwa inalikausha tenki.

Sababu yenyewe ni rahisi ukishaielewa. Gari la kawaida ukifunga breki ule mwendo wote unaishia kuwa joto kwenye diski, umepotea. Haibridi ukigusa breki mota inageuka jenereta, inauvuna ule mwendo na kuupeleka kwenye betri, halafu foleni ikisogea unaondoka na umeme huo huo injini imelala. Sasa barabara kuu utavuna nini wakati hufungi breki? Kwa hiyo kama maisha yako ni barabara kuu tupu kila siku, fikiria mara mbili kabla hujaongeza hela kwa ajili ya haibridi.

Mi miezi mitatu ya kwanza niliipoteza kwa ujinga. Nilikuwa nakanyaga mafuta kwa woga kama nimebeba trei ya mayai, madereva wa nyuma wananipigia honi, nikidhani ndo kubana matumizi. Kumbe ondoka kawaida tu, ufike spidi yako, kisha ulegeze mguu. Kinachotakiwa ujifunze upya ni breki: ukiona taa nyekundu kule mbele anza kukanyaga mapema, pole pole, uangalie sindano ya chaji kwenye dashibodi isifike mwisho. Ukichelewa ukakanyaga kwa nguvu mota haiwezi kuvuna zote, zinaingia breki za kawaida na umeme wako umeshapotea. Na mteremko mrefu betri ikijaa haipokei tena, hapo weka mkono wa gia kwenye B kama gari lako linayo ili injini isaidie kulizuia. Mwanzoni utasimama kwa kushtuka shtuka, ile hatua ya mwisho breki za kawaida zinapopokea mguu unakuwa haujazoea, mke wangu aliniuliza kama nimeanza kujifunza gari upya. Wiki mbili tu ikaisha.

Kelele nayo. Ukipanda mlima ukakanyaga sana injini inapiga kelele moja ndefu huku gari linaongeza spidi taratibu, nikampelekea fundi nikijua gia zinateleza. Hazitelezi, hamna gia za kubadilisha kama kwenye otomatiki ya kawaida, kompyuta inaamua tu injini izunguke kiasi gani. Sio haibridi zote ziko hivyo, zipo zenye gia za kawaida, kwa hiyo ukienda kujaribu gari usizungushwe kwenye tambarare, tafuta mlima, pakia na familia ndani, ukanyage. Kama ile sauti inakukera siku hiyo itakukera kila siku.

Ukimya ni raha ila una mitego yake. Nimeshashuka mara mbili nikaliacha limewaka, hakuna ngurumo ya kukukumbusha, kwa hiyo angalia taa ya READY kwenye dashibodi, ile inayoonyesha gari limewaka, kabla ya kufungua mlango. Na kwenye maegesho watu hawakusikii, nenda mdogo mdogo hasa kukiwa na watoto.

Wanaoogopa betri kubwa, ile ya kuendeshea mota, nawaambia teknolojia hii sio ya jana, Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Ukinunua lililotumika lipimwe betri kwa kompyuta kwanza, na zile nyaya za rangi ya chungwa asiziguse fundi asiyesomea umeme mkubwa. Magari mengi yana tundu la hewa pembeni ya siti ya nyuma la kupoza betri, wanangu walikuwa wanalizibia na mabegi ya shule mpaka nikapiga marufuku, na filta yake isafishwe kwenye sevisi.

Mi iliyonisumbua ni betri ndogo, ile ya volti 12. Nilisafiri wiki tatu, kurudi gari limekufa kabisa, hata mlango umegoma, wakati betri kubwa ilikuwa na chaji! Kumbe ile ndogo ndo inaamsha kompyuta, na bila kompyuta ile kubwa haiunganishwi. Siku hizi nikiondoka namwachia mtu funguo aliwashe mpaka READY mara moja kwa wiki, nusu saa, liwe kwenye P, manake kwenye N mengi hayachaji. Na jirani akija kuomba umsaidie kuwasha la kwake kwa waya, mkatalie kwa heshima, saketi za haibridi hazikutengenezewa kazi hiyo. Mi nilinunua kile kibusta kidogo cha kuamshia betri ikifa nikakiweka kwenye buti. Sio ndani ya kabati la nyumbani, kwenye buti, na usisahau kuuliza buti lenyewe linafungukaje umeme ukiwa umekata, mi nilijua hilo nikiwa nimesimama nje na kibusta kimefungiwa ndani.