Maswali na Majibu: Moyo Wenye Jeraha na Sindano za Kitao

Natibiwa huzuni kwa akupancha, tiba ya Kichina ya sindano nyembamba, lakini nachomwa mkononi. Mbona si kifuani, moyo uliko?

Kwa sababu njia ya moyo inapita mkononi. Katika tiba ya Kichina mkondo wa moyo, yaani njia inayosemekana kupitisha nguvu ya mwili, hutokeza kwapani, hushuka upande wa ndani wa mkono na kuishia kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Una nukta 9 tu za kuchoma. Inayotegemewa zaidi kwa huzuni na kukosa usingizi ni Shenmen, Lango la Roho. Geuza kiganja juu, fuata mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho mpaka uguse kano ngumu. Nukta iko kwenye kibonyeo kando ya kano hiyo, upande wa kidole gumba. Sindano huingia kidogo sana, chini ya sentimita moja na nusu.

Upana wa vidole vitatu juu ya mkunjo huo, katikati ya kano mbili, ipo Neiguan. Hii ni ya mkondo wa ngozi inayofunika moyo. Wachina wa kale waliuita moyo mfalme na ngozi hiyo ngao yake, ndiyo inayopokea pigo kwanza. Hapo unatakiwa kuhisi uzito au mvuto. Ukipata kama shoti ya umeme inayokimbilia kidole cha kati, sema papo hapo: mshipa wa fahamu umeguswa, na sindano lazima irudishwe nyuma.

Kitao ni nini hasa hapo?

Utao ni falsafa ya kale ya Kichina, na hapa ni namna ya kukaa na mgonjwa. Neno la Kichina *xin* ni moyo na akili kwa pamoja, jambo lisilomtatiza Mswahili anayepiga moyo konde. Sun Simiao, tabibu wa Kitao wa karne ya 7, alitaka tabibu atulize roho yake na kuweka tamaa kando kabla hajagusa mgonjwa. Kwa vitendo, hiyo ni chumba kimya, sindano chache, mara nyingi 4 hadi 8, na dakika 20 au 30 bila haraka. Mtabibu anayechoma sindano 20 huku anaongea na simu anaweza kupunguza maumivu ya mgongo, ila moyo uliofiwa hautamfungukia.

Nililia sana sindano zikiwa mwilini. Kuna kilichoharibika?

Hapana. Huzuni iliyobana kifua ikilegea hutoka kwa machozi, na mtabibu mzuri huacha yatoke. Kosa tunaloliona ni kukimbilia nukta za kifuani siku ya kwanza, kabla roho haijatulizwa kwa Shenmen na Yintang, ile ya kati ya nyusi. Mtu hufunguliwa akiwa bado hana pa kushika, akarudi nyumbani ametibuka na asilale.

Usichanganye kilio na kuzimia. Jasho baridi, midomo kupauka, kichefuchefu na giza machoni maana yake sindano zote zitolewe, ulazwe chali na miguu iinuliwe, kisha ukizinduka vizuri upewe maji ya vuguvugu yenye sukari. Hutokea zaidi kwa wanaokuja na njaa, kwa hiyo kula kidogo saa moja au mbili kabla.

Naweza kujichoma Danzhong nyumbani?

Usithubutu. Danzhong ni nukta iliyo katikati ya mfupa wa kidari, usawa wa chuchu. Watu wengine huzaliwa na tundu kwenye mfupa huo bila kujua, na sindano iliyosimamishwa wima inaweza kupenya hadi kwenye moyo. Mtabibu huilaza chini ya ngozi. Wewe tumia vidole: weka vitatu hapo, zungusha taratibu kwa dakika 2, kisha toa pumzi ndefu mara 6 kwa sauti ya “haaa”, ambayo mafunzo mengi ya Kitao huihesabu kuwa ya moyo. Ukisikia kizunguzungu unapumua kwa nguvu mno, punguza.

Nikianza sindano, niache vidonge vya sonona?

Usiache. Ushahidi wa akupancha kwa sonona bado ni hafifu, na kukatisha vidonge ghafla kuna madhara yake. Mwambie mtabibu kila dawa unayomeza, hasa ya kuzuia damu kuganda. Jipe miadi 6, mmoja kwa wiki, ukiandika kila asubuhi saa ulizolala. Fikra za kujidhuru, au maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, hayangoji miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo.